Duka lipo Majengo, mteja yupo Mtumba: mwongozo kamili wa kuanza kuuza kwa mitandao ya kijamii

Nina fremu Majengo, Dodoma. Nauza mafuta ya alizeti kutoka Singida, asali ya Manyoni, karanga, ubuyu, na zabibu msimu wake ukifika. Kwa miaka mingi niliamini ule msemo wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafuta yangu yalijiuza kweli, ila kwa watu waliopita mbele ya mlango tu. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na baadaye wizara zikajengwa Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, baadhi ya wateja wangu wazuri walihama na ofisi zao. Mtu anayetoka kazini jioni akaishia nyumbani kwake Ilazo au Kisasa hana sababu ya kuzunguka Majengo akitafuta dumu la lita tano. Simu lakini anayo mkononi njia nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuchukulia mtandao kama bango la barabarani. Niliposti, nikakaa, nikasubiri watu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hii ni kaunta kama ile ya dukani. Mtu anasimama mbele yako, anauliza bei, anaomba umpunguzie, anauliza mzigo utamfikiaje, na ukichelewa kumjibu anavuka kwa jirani. Hatua zote hapa chini nimezipanga kwa kufuata hilo.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya simu

Usifungue akaunti yoyote leo. Chukua daftari, na kwa siku tatu andika kila swali ambalo wateja wanakuuliza dukani, kwa maneno yao wenyewe. Langu lilijaa haya: Lita bei gani? Dumu la lita ishirini je? Haya yamechujwa? Mbona yananukia? Asali hii haijachanganywa na sukari? Mnafunga saa ngapi? Mnaleta mpaka Nkuhungu? Nikinunua madumu matatu unanipunguzia?

Daftari hilo ni mali. Kila swali ni posti moja utakayoandika baadaye, na majibu yake ndiyo utakayoyahifadhi kwenye simu ili usichapishe neno lile lile mara arobaini kwa siku. Anayekwambia "sina cha kuposti" hajawasikiliza wateja wake. Ukiwa na fremu ya vitenge utasikia mengine kabisa: kinachuja? ni mita ngapi? Fundi wa makochi naye ana ya kwake.

Hatua ya pili: laini na umiliki

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia. Ukurasa wangu wa kwanza wa Facebook alinifungulia mpwa wangu. Alitumia barua pepe yake, namba yake, na nywila aliyoijua yeye. Alipokwenda chuo akapoteza simu, laini ikazimwa, barua pepe akawa ameisahau. Ukurasa ulibaki hewani ukionyesha bei za zamani, na watu wakinipigia kunigombeza kwamba nimewadanganya. Sikuweza kuurekebisha wala kuufuta.

Kwa hiyo, nunua laini ya biashara na isajiliwe kwa jina lako na kwa alama zako za vidole. Piga *106# uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na kama kuna usiyoitambua nenda kwa mtoa huduma aiondoe. Fungua barua pepe mpya kwa ajili ya biashara peke yake. Nywila iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, si lile la dukani ambalo kila mtu analifunua.

Kisha weka ulinzi wa hatua mbili kwenye kila akaunti. Kwa WhatsApp ni namba ya siri ya tarakimu sita ambayo unaichagua mwenyewe. Facebook na Instagram nazo zina mpangilio wa kuomba msimbo wa pili mtu anapoingia kutoka simu ngeni. Na mtu akikuandikia, hata akiwa ni rafiki yako wa siku zote, "samahani nimetuma namba kwako kwa makosa, naomba unisomee", usimsomee. Huo ndio msimbo wa kuingilia akaunti yako, na huyo anayeandika kwa jina la rafiki yako huenda tayari ameiba akaunti yake.

Mfanyakazi au mtoto akikusaidia ni vizuri. Facebook inakuruhusu kumpa mtu nafasi ya kuendesha ukurasa kwa akaunti yake mwenyewe, na siku akiondoka unamtoa. Funguo zibaki kwako.

Hatua ya tatu: WhatsApp Business

Wengi hukimbilia Instagram. Mimi nasema anza na WhatsApp, kwa sababu wateja wako tayari wamo humo na namba zao unazo. Programu ya kupakua ni WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu 2018. Namba moja haiwezi kukaa kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa wakati mmoja, lakini simu moja inaweza kubeba programu zote mbili zikiwa na namba tofauti. Hivyo ya familia ibaki huku na ya duka ikae kule. Ujumbe wa shemeji wa kupanga harusi hautaingia katikati ya oda.

Jaza wasifu wote: jina la duka, unachouza, saa za kufungua, mahali. Picha iwe ya duka au bidhaa. Picha yako ukiwa harusini, hata kama umependeza, haimwambii mtu kwamba unauza mafuta.

Kisha katalogi. Inabeba hadi bidhaa 500, ingawa wengi wetu hatufiki hata 30. Kila bidhaa weka picha, ujazo na bei. Mafuta ya lita moja, lita tano na lita ishirini yawe vitu vitatu tofauti, maana mteja anabonyeza anachotaka na oda inakuja imeandikwa vizuri.

Baada ya hapo, andika ujumbe wa salamu unaokwenda wenyewe mtu anapokuandikia mara ya kwanza, na mwingine wa saa ambazo umefunga. Ufanye mfupi. Mimi nimeandika hivi: "Karibu dukani. Tunafungua saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, Jumapili tunapumzika. Andika unachohitaji na eneo ulipo, tutakujibu." Majibu ya haraka ndiyo ninayoyapenda zaidi: unahifadhi maandishi, unayapa neno fupi, kisha ukiandika alama ya mkwaju (/) na neno hilo jibu zima linatokea. Yachukue kutoka kwenye daftari lako la siku tatu.

Lebo nazo zitumie tangu mwanzo. Tatu zinatosha: oda mpya, nasubiri malipo, amelipa. Kabla sijazitumia niliwahi kumpelekea mama mmoja wa Chang'ombe dumu mara mbili, na aliyekuwa amelipa akakaa bila mafuta siku nne.

Kuhusu kutuma matangazo kwa watu wengi, orodha moja ya kutuma ujumbe ina nafasi ya watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akilipa dukani mwombe: "Dada, hifadhi namba yetu, tutakujulisha zabibu zikiingia." Usimburuze kwenye kundi bila ruhusa yake. Watu wa Dodoma ni wapole, hawatakugombeza. Watatoka kimya kimya na kukuziba.

Statasi ndiyo dirisha lako la kila siku. Inakaa saa 24 kisha inapotea, kwa hiyo haihitaji ufundi. Mzigo ukishuka kwenye gari piga picha, weka bei, weka hewani.

Hatua ya nne: chagua mtandao mmoja zaidi, mmoja tu

Mwezi wa pili ongeza mtandao mmoja. Nguo, keki, saluni na samani zinapendeza Instagram, kwa sababu mtu ananunua kwa macho. Facebook wengi wa mjini wanaidharau siku hizi, lakini huko ndiko ninakokutana na watu wazima, wakulima, na wateja wa Kondoa, Mpwapwa na Kongwa, na kuna makundi ya kuuziana vitu ya hapa hapa mkoani. TikTok inafaa kama kazi yako ina kitu cha kutazama ikitendeka: fundi anakunja chuma, mashine inakamua alizeti, mwanadada anasuka. Uzuri wake ni kwamba video inaweza kufika kwa watu wasiokufuata kabisa. Ubaya ni kwamba watazamaji wengi wanaweza kuwa Mwanza na Mombasa, na wewe unauza mbuzi choma Msalato.

Jina la akaunti liwe lile lile kila mahali, rahisi kulitamka kwa sauti. Jaribu hivi: mwambie mtu kwa simu jina hilo. Akikuuliza "na hiyo k ni moja au mbili?", badilisha. Na neno Dodoma liwepo, kwenye jina au kwenye maelezo. Instagram inakupa herufi 150 za kujieleza, usizimalizie kwenye misemo ya kumshukuru Mungu na kujisifu. Sema unauza nini, upo wapi, namba ipi.

Hatua ya tano: picha

Jua la Dodoma la saa saba mchana linaua picha. Vitu vinakuwa vyeupe upande mmoja na vyeusi upande wa pili. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni, au simama kivulini karibu na mlango mwanga ukiingia kwa ubavu. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kila mara. Vumbi letu mnalijua.

Weka kitu cha kupimia ukubwa. Chupa ya asali peke yake haisemi kama ni nusu lita au robo, lakini ikishikwa mkononi inaeleweka. Mafuta yapige yakiwa mbele ya mwanga ili rangi yake ionekane, maana mnunuzi wa alizeti anaangalia rangi kabla ya kuuliza bei. Nyuma ya bidhaa pawe safi: ubao, kitenge kisicho na maua mengi, au ukuta. Ndala za mlangoni ziondoe.

Video ishike simu wima, na jambo lenyewe lionekane tangu sekunde za mwanzo. Usianze kwa "hamjambo wapendwa, karibuni tena". Anza asali ikiwa inamiminika. Ukirekodi nje upepo utameza sauti yako, kwa hiyo ingia ndani au tumia maikrofoni ya waya wa sikioni.

Picha za watu wengine usichukue. Mteja akiona gauni la kwenye posti yako, akaletewa lingine, umempoteza yeye na wenzake wa ofisini.

Hatua ya sita: andika bei

Hii ya "bei inboksi" mimi siielewi. Wanaoitetea wanasema washindani wataiona. Jirani yangu akitaka kujua bei yangu anamtuma mtoto na shilingi mia mbili ya karanga, anarudi nayo. Anayeumia ni mteja mwenye haya, asiyetaka kuuliza kisha akaonekana hana pesa. Huyo anapita. Kama bei inategemea vipimo, kama kwa fundi wa madirisha, andika inaanzia wapi na kinachoipandisha ni nini.

Posti nzuri ina mambo manne: kitu gani, bei gani, uko wapi, nakipataje. Mfano:

"Mafuta ya alizeti yaliyochujwa, mzigo wa Singida umeshuka leo. Lita 5 ni Sh 35,000. Tupo Majengo. Ukiwa Mtumba, Ihumwa au Kisasa tunakuletea jioni, nauli ya boda tunakubaliana kabla. Andika WhatsApp kwa namba iliyo juu."

Bei hiyo ni ya mfano tu, weka yako. Na ikibadilika rudi kwenye katalogi siku hiyo hiyo. Maelekezo ya mahali yaandike kama tunavyoelekezana sisi, kwa msikiti, kwa sheli, kwa kona ya bodaboda.

Hatua ya saba: fuata kalenda ya mji

Dodoma ina mapigo yake. Mishahara ikitoka mwishoni mwa mwezi, posti za madumu makubwa zinafanya kazi. Katikati ya mwezi posti lita moja. Kikao cha Bunge la Bajeti huanza Aprili na kuishia Juni, na mji unajaa wageni wanaotafuta vyumba, chakula, mafundi nguo na zawadi za kurudi nazo nyumbani. Chuo Kikuu cha Dodoma kikifungua, wanafunzi wanataka magodoro, ndoo na majiko. Nane Nane, tarehe 8 Agosti, watu wanamiminika viwanja vya Nzuguni. Zabibu huvunwa misimu miwili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Na treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imeleta watu wa Dar es Salaam wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Hao wanataka kitu kilichofungwa tayari, cha kubeba.

Tazama kalenda hiyo mbele kwa mwezi mmoja, panga. Posti tatu kwa wiki zinatosha kwa mtandao wa pili, na statasi kila siku ya kazi. Anayeposti mara kumi Jumatatu halafu kimya hadi mwezi ujao huonekana kama amefunga biashara.

Hatua ya nane: kujibu, kulipwa, kusafirisha

Mtu akiandika "Shikamoo mama, mafuta bado yapo?", jibu lako lisiwe "yapo". Jibu: "Marahaba mwanangu, yapo ya lita moja, tano na ishirini. Uko maeneo gani nikuangalizie usafiri?" Umempa heshima, umempa chaguo, na umemuuliza swali linalosogeza oda mbele. Kijana akija na "mambo" mjibu "poa", naye ana pesa. Ukiwa na foleni dukani tuma hata neno moja, "nakuja", na uje kweli.

Malipo yapitie Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mteja anaona jina la duka kabla ya kuthibitisha, na hofu inamtoka. Kwa upande wako, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya muamala wala kwa ujumbe ulioingia kutoka namba ya kawaida. Ujumbe wa kughushi unafanana sana na wa kweli. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, hata kama boda anapiga honi mlangoni. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ripoti namba zao kwenda 15040. Namba ya siri usimpe mtu, awe amejitambulisha kama nani.

Boda chagua wawili au watatu unaowajua, na nauli ijulikane kabla ya kuondoka. Wa mikoani unampakilia kwenye basi stendi ya Nanenane: andika jina na namba ya mpokeaji juu ya mzigo kwa kalamu nene, chukua risiti, ipige picha, mtumie pamoja na namba ya gari. Mafuta funga mfuniko na gundi ya karatasi, kisha mfuko juu yake. Niliwahi kulipa begi la nguo la abiria mmoja, na sitaki kulizungumzia.

Hatua ya tisa: kulipia tangazo

Subiri. Kama posti zako za bure hazijaleta hata mteja mmoja, kulipia ni kuipeleka ileile kwa watu wengi zaidi wasioitaka. Ikipatikana posti iliyoleta maswali mengi yenyewe, hiyo ndiyo ya kuilipia. Facebook na Instagram hukuruhusu kuchagua mji na umbali wa kuuzunguka, kwa hiyo weka Dodoma na kilomita chache. Ukiacha "Tanzania nzima" pesa itaisha Kigamboni. Lengo lake liwe watu wakuandikie ujumbe, achana na kukusanya alama za kupenda. Anza na siku tatu na kiasi ambacho kikipotea utakula usiku huo. Utahitaji kadi ya benki, au kadi ya mtandaoni kama huduma yako ya pesa za simu inaitoa.

Wafuasi wa kununua usiguse. Hawali mafuta.

Hatua ya kumi: upande wa sheria, kwa ufupi

Kuuza kwa simu ni kuuza. TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara vinakuhusu, na risiti pia. Ukifungasha chakula au vipodozi kwa jina lako, nenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usajili wa bidhaa hizo. Picha ya mteja iombe kabla ya kuiposti, na namba zao usimgawie mwingine, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na mteja msumbufu usimwanike jina na picha mtandaoni kwa hasira. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na hata bila hiyo wengine watajiuliza zamu yao itafika lini.

Hatua ya mwisho: mistari ya daftari

Rudi kwenye daftari. Kila anayenunua mwulize, "Umetuona wapi?", kisha chora mstari: statasi, Facebook, ameletwa na mtu, amepita tu. Baada ya wiki nne hesabu mistari. Mimi niligundua kwamba video zangu za TikTok zilizotazamwa sana ziliniletea wateja wawili, na statasi yenye picha mbaya ya madumu yakishushwa ilijaza ukurasa. TikTok nikaiacha, muda wake nikauhamishia kujibu watu.

Katika daftari hilo hilo nakili majina na namba za wateja wako, angalau mara moja kwa mwezi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima duniani kwa takriban saa sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Siku kama hizo chukua daftari, tafuta waliokuwa na oda, na uwapigie simu ya kawaida.